Somo la Redio: Karatasi ya Mgomba

Ndugu wanafunzi wa Tukuyu na pande zote za Rungwe. Jioni hii wekeni kitabu kando kidogo, tuizungumze karatasi yenyewe.

Migomba iko mlangoni penu. Kila mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa. Gogo lake lina nyuzi, na karatasi yote ni nyuzi zilizoshikana. Kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kilianza kazi mwaka 1985 kwa nyuzi za miti ya msituni. Sisi tutatumia za mgomba.

Kateni maganda ya gogo vipande vifupi kama kidole gumba. Vichemsheni katika maji ya majivu kwa saa tatu hivi, mpaka nyuzi zilainike. Hapa sikilizeni sana: msitumie sufuria ya alumini, maana maji ya majivu huila. Tumieni chungu. Vile vya Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, vinafaa, ila kikishafanya kazi hii kisirudi kupikia mboga. Maji hayo huchoma ngozi na macho. Watoto wakae mbali, nanyi mkoroge kwa mti mrefu.

Kisha suuzeni mara nyingi, mpaka utelezi uishe. Maji hayo msiyamwage mtoni. Twangeni nyuzi katika kinu mpaka ziwe kama uji, mzitie katika beseni kubwa la maji. Zamisheni fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa dirisha, muinue polepole, maji yachuruzike. Utando unaobaki juu ya wavu ndio karatasi. Upindueni juu ya kitambaa, ukandamizeni kwa jiwe zito, kisha uanikeni. Mvua zenu mnazijua wenyewe! Anikeni ndani, karibu na jiko. Ikikauka, pakeni uji mwembamba wa wanga wa muhogo ili wino usitawanyike, ikauke tena.

Sasa mtu ataniuliza, "Bwana, tuchukue magogo yote?" Hapana. Mimi siliiti gogo hilo takataka. Ng'ombe hulila. Likikatwakatwa na kutandazwa shambani, hutunza unyevu na kuwa mbolea. Lile linaloachwa zima ndilo baya, maana fukusi wa migomba huzaana ndani yake. Tena gogo karibu lote ni maji: mzigo wa kumtoa mtu jasho hutoa karatasi chache, na kuni za saa tatu nazo si bure. Basi chukueni gogo moja au mawili, mengine yabaki shambani.

Karatasi yenu itakuwa nene, rangi ya udongo. Haitashinda daftari la dukani. Inafaa bahasha, kadi na vifuko vya mbegu.

Kazi ya juma hili: kila kikundi kitengeneze karatasi moja, na kila mwanafunzi aandike jina lake juu yake kwa kalamu ya wino. Mwonyesheni mwalimu wenu, atazame kama herufi zimetulia. Kwa herini.