Jiwe si breki ya mkono

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka taratibu.)

Wasikilizaji wetu wa Kakuma na Kalobeyei, mlioko nyumbani, sokoni au kwenye foleni ya maji. Na wewe dereva unayesubiri gari lijae, leo kipindi ni chako. Makanga, usiondoke. Baba, mama, na wewe unayepanda gari kila wiki, sogea karibu, maana habari hii inagusa uhai wako pia.

Leo tunaongea juu ya breki ya mkono na jinsi inavyopimwa gari likipelekwa ukaguzi.

Pita stejini asubuhi, utaona gari limesimama na jiwe limewekwa chini ya gurudumu. Ukiuliza, utaambiwa breki ya mkono haishiki. Karibu na gari hilo watoto wanacheza, na mama anapakia gunia lake. Mtu akiliondoa jiwe kabla dereva hajaingia, gari litaondoka lenyewe, na halina macho ya kumwona mtoto.

Sasa tuelewane kazi yake. Ukikanyaga breki ya mguu, mafuta ya breki ndiyo yanayosukuma. Breki ya mkono haitumii mafuta hayo. Katika magari mengi madogo, kama Probox, inavuta kebo ya chuma mpaka kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Huko, ndani ya dramu, breki shu zinapanuka na kushika. Kwa hiyo hata mafuta ya breki yakivuja yote, kebo bado inaweza kukusaidia. Ndiyo maana mkaguzi haidharau.

Nchini Kenya, magari ya abiria yanatakiwa kukaguliwa kila mwaka. Palipo na mashine, magurudumu ya nyuma yanawekwa juu ya rola zinazozunguka. Mkaguzi anakuambia uvute breki ya mkono polepole, na mashine inapima nguvu ya kila gurudumu. Kila nchi ina kiwango chake. Uingereza, kwa mfano, breki ya mkono ya gari dogo inatakiwa ifikishe nguvu ya angalau asilimia 16 ya uzito wa gari. Maana yake, gari la kilo 1,000 linahitaji nguvu inayolingana na kilo 160. Mashine pia inaonyesha kama upande mmoja unashika na mwingine umelala.

Lakini kutoka hapa mpaka kituo cha ukaguzi, tuseme Eldoret, ni safari ndefu. Utapita Marich, utapanda milima ya Kamatira. Usiende kupimiwa huko kitu ambacho ungeweza kukijua hapa hapa.

(Muziki mfupi.)

Dereva, jipime hivi.

Kwanza, vuta mkono wa breki na uhesabu milio: krr, krr, krr. Ikishika kwenye mlio wa tano, sita au saba, magari mengi yako hapo. Kitabu cha gari lako kitakupa idadi kamili. Ukivuta mpaka juu kabisa bila kushika, kebo imelegea au breki shu zimeisha.

Pili, mkono ukiwa juu, ugonge kidogo kwa kiganja, kushoto na kulia. Ukianguka wenyewe, meno yake yamelika. Mkaguzi atalifanya hilo hilo, na utafeli.

Tatu, tafuta mwinuko mdogo, kama ule wa kuingia laga ikiwa kavu. Shusha abiria wote. Mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari. Kanyaga breki ya mguu, toa gia, vuta breki ya mkono, kisha achia mguu polepole. Gari lisisogee. Geuza gari, ujaribu tena likitazama upande wa pili. Na ukumbuke, breki inayoshika gari tupu inaweza kushindwa gari likijaa watu na mizigo.

Nne, ishushe breki na uendeshe kidogo. Ukisimama, sogeza kiganja karibu na magurudumu ya nyuma bila kugusa chuma. Moja likiwa na joto kali kuliko jingine, breki yake haiachii. Mchanga na matope ya huku huingia kwenye ganda la kebo, ikakwama.

Na ile taa nyekundu ya breki, ikibaki inawaka baada ya kushusha mkono, usiifunike kwa plasta. Huenda mafuta ya breki yamepungua.

Sasa neno kwa mafundi wetu. Kuna mchezo wa kukaza nati ya kebo siku moja kabla ya ukaguzi, bila kufungua dramu. Mkono utashika, ndiyo, lakini breki shu zilizoisha zimefichwa tu, na kebo iliyokazwa kupita kiasi hufanya magurudumu yasugue njia nzima. Fungua dramu kwanza. Tazama breki shu, na tazama kama mafuta yamevujia juu yake. Rekebisha hapo, halafu ndipo uje kwenye kebo. Unapoinua nyuma kwa jeki, weka mawe kwenye magurudumu ya mbele na vizuizi imara chini ya gari. Hiyo ndiyo kazi halali ya jiwe.

Wenye gari za otomatiki, kuweka P peke yake hakutoshi. Hapo gari limeshikwa na kipande kidogo cha chuma ndani ya gia boksi. Kanyaga breki, vuta ya mkono, halafu weka P.

Mwenye gari, najua pesa ni ngumu, na siku gari liko kwa fundi hakuna kinachoingia. Lakini pesa ya breki shu utaitafuta tena. Mtoto wa jirani hutampata tena.

Na wewe abiria, ukiona jiwe chini ya gurudumu, uliza kwa heshima: "Dereva, breki ya mkono inashika?" Swali hilo si matusi. Akikosa jibu, shuka, subiri gari lingine.

Wazazi, watoto wasicheze nyuma ya gari, hata kama limezimwa.

Anayesafiri leo, afike salama.

(Muziki unapanda. Mwisho.)