Njia za Jamaika na Wenye Mizigo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya uchumi na usafiri wa nchi ya ng'ambo, nasi tumekichagua kisiwa cha Jamaika, kilicho katika Bahari ya Karibi, kusini ya Kuba. Si kwa sababu ya ukubwa wake, maana urefu wake ni maili 146 hivi, na upana wake hauzidi maili 51. Tumekichagua kwa kuwa habari zake zina mafundisho kwa watu ambao kazi yao ni kuandika hati, kupokea mizigo na kuhesabu nauli, yaani sisi wenyewe.

Yafaa tuanze na reli. Tarehe 21 Novemba 1845 ilifunguliwa njia ya kwanza, kutoka Kingston kwenda upande wa Spanish Town, safari isiyozidi maili 15. Ilikuwa miongoni mwa reli za kwanza kabisa kujengwa nje ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Lakini na tuitazame tarehe hiyo. Utumwa ulikuwa umekomeshwa kabisa tarehe 1 Agosti 1838, miaka 7 tu kabla yake. Wengi katika watu waliopata uhuru walipanda milimani, wakajitafutia vishamba, wakalima viazi vikuu na mboga, wakavichukua sokoni kwa kichwa na kwa punda. Reli haikuwafuata huko. Ilipita katika nchi tambarare, penye mashamba makubwa ya miwa, kwa kuwa walioitaka ni wenye sukari.

Baadaye ikaja ndizi. Katika miaka ya 1870 nahodha mmoja Mmarekani, Lorenzo Dow Baker, alianza kupakia ndizi katika bandari ya Port Antonio na kuzipeleka kwao. Ndizi ni mzigo usiongoja. Meli ikichelewa, zimeoza. Serikali ilikuwa imekwisha kuinunua reli mwaka 1879, ikaiuza mwaka 1890 kwa kampani ya Kimarekani, nayo ikaifikisha Montego Bay mwaka 1894 na Port Antonio mwaka 1896. Kisha kampani ikashindwa na madeni yake, na mwaka 1900 reli ikarudi mikononi mwa Serikali. Faida ilipotarajiwa, reli ilikuwa ya kampani. Deni lilipofika, ikawa ya raia wote.

Hata hivyo ndizi zilimpa mkulima mdogo jambo ambalo sukari haikumpa, maana mwenye kishamba kidogo naye aliweza kuuza. Taabu yake ilikuwa meli. Mwenye meli ndiye aliyetaja bei. Kwa hiyo mwaka 1929 chama cha ushirika cha wakulima wa ndizi kilianza kazi, kikapeleka ng'ambo ndizi za wanachama wake chenyewe. Ushirika huo haukudumu katika hali yake, ukageuzwa kuwa kampani ya kawaida. Lakini wakulima walikuwa wameonyesha kwamba waliijua hesabu.

Tangu mwaka 1952 mzigo mkubwa ukawa boksiti, ule udongo mwekundu utoao madini ya alumini. Malori na mabasi nayo yakaongezeka barabarani. Reli ikapata hasara mwaka hata mwaka, na mwezi wa Oktoba 1992 huduma yake ya abiria ikasimamishwa. Sehemu za njia zilizobaki na kazi ni zile zilizochukua boksiti na alumina. Jaribio la kurudisha abiria mwaka 2011 halikufika mbali. Walioumia ni kina mama wachuuzi, ambao zamani walipanda gari la moshi na vikapu vyao kwenda masoko ya mjini. Mzigo wao ulikuwapo tangu siku za punda, lakini ulikuwa mdogo mdogo, wala haukuwa na msemaji katika vikao.

Tukitazama siku hizi, twaona fedha nyingi za kigeni kisiwani zikiletwa na watalii, na na wenyeji walioko Marekani, Uingereza na Kanada wawapelekeao ndugu zao matumizi. Simu ya waya ya chini ya bahari ilifika mwaka 1870, ikawafaa wafanya biashara; simu ya mkononi ilienea upesi baada ya mwaka 2001, ushindani ulipoanza, nayo ikamfikia hata mchuuzi. Mwaka 2016 ikamalizika barabara kuu ya kuvuka milima kutoka upande wa Kingston hata pwani ya kaskazini karibu na Ocho Rios, iliyojengwa na kampani ya Kichina. Apitaye huko hulipa ushuru. Asiyeweza hupita njia ya zamani ya bonde la Bog Walk. Basi swali la mwaka 1845 lingaliko: njia hii ni ya mzigo wa nani?

Ndugu zetu, sisi makarani hatukati shauri la kujenga reli wala la kuifunga. Lakini kabla wakubwa hawajajua, karani wa stesheni amekwisha kuona mabehewa yakirudi matupu. Naye ndiye ajuaye kikapu cha mchuuzi kilisafiri mara ngapi kwa mwezi. Asipokiandika, siku ya kuhesabu hasara na faida kikapu hicho hakitakuwamo, na njia itafungwa kana kwamba hakikuwapo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twawasihi basi tuandike mizigo midogo kwa uangalifu uleule tuuandikao mikubwa.