UCHAGUZI MDOGO HUPIMA NINI?



Aliyesimama juu ya kilima cha Kasubi, penye makaburi ya Makabaka wanne wa Buganda, yuko katika Divisheni ya Lubaga, na jirani yake ni Kawempe. Machi 13, 2025, watu wa Kasubi hawakupiga kura. Kura ilikuwa ya majirani zao wa Kawempe Kaskazini, waliokuwa wakijaza kiti kilichoachwa wazi na marehemu Muhammad Ssegirinya, aliyefariki Januari mwaka huo. Hata hivyo, Kasubi na Uganda nzima iliitazama kura hiyo kama mkulima atazamavyo wingu, huku ikijiuliza: uchaguzi mkuu wa mwaka 2026 utakuwaje?

Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Erias Luyimbazi Nalukoola wa chama cha NUP kuwa mshindi kwa kura 17,764. Faridah Nambi wa NRM alipewa 8,593. Wengi waliishia hapo. Lakini hesabu ina maneno zaidi. Walioandikishwa walikaribia laki mbili, na wagombea hao wawili kwa pamoja hawakufikisha kura 27,000. Mwaka 2021, Ssegirinya peke yake alipata zaidi ya 41,000. Basi mshindi alishinda, lakini umati mkubwa ulibaki nyumbani, na aliyebaki nyumbani hakumwambia mtu siri ya moyo wake.

Yamepata kutokea mengine ya kutufunza. Juni 29, 2017, huko Kyadondo Mashariki, Robert Kyagulanyi, akiwa mgombea binafsi, aliwashinda wagombea wa NRM na FDC kwa kura zaidi ya 25,000. Dalili hiyo ilikuwa ya kweli kwa Buganda, kwani Januari 2021 chama chake cha NUP kilichukua viti vingi vya eneo hilo. Lakini Mei 31, 2018, FDC ilishinda kiti cha mwakilishi wa wanawake wa Rukungiri, na mwaka 2021 kiti hicho kikarudi NRM. Na nchini kote, mwaka huo wa 2021, aliyetangazwa mshindi ni Rais Yoweri Museveni, kwa asilimia 58. Mwaka 2026 alitangazwa tena. Mvua ya kijiji kimoja si masika ya nchi nzima.

Je, hayo yanamhusu nini mtu aliyevaa sare? Yanamhusu sana. Uchaguzi mdogo ni mizani, na mizani iliyoguswa kwa mkono haipimi kitu. Agosti 2018, huko Arua, dereva wa Kyagulanyi aliuawa kwa risasi siku mbili kabla ya kura. Kassiano Wadri alikuwa kizuizini siku wapiga kura walipomchagua. Nguvu haikuibadili hesabu; iliacha msiba na uchungu tu. Kawempe nako, waandishi wa habari walipigwa na watu wa usalama waliofunika nyuso zao. Mei 26, 2025, Mahakama Kuu iliyabatilisha matokeo hayo, moja ya sababu ikiwa kura za vituo 14 kutojumlishwa, na shauri likapelekwa Mahakama ya Rufani. Maelfu ya wananchi waliandikishwa katika vituo hivyo. Sauti yao haikuingia katika hesabu, na kwa hiyo hata mwenye kutaka kutabiri alinyimwa sehemu ya ushahidi.

Ndugu wasikilizaji, Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 208, yasema kuwa Jeshi halitaegemea chama chochote, litakuwa na nidhamu, na litatii mamlaka ya kiraia. Maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili ya gwaride. Yaliandikwa kwa ajili ya kituo cha kura, saa ya jioni, karatasi zinapohesabiwa na watu wakipaza sauti.

Kutabiri nani atashinda si kazi ya askari. Kazi yake ni kulilinda sanduku hadi kura ya mwisho ihesabiwe, awe anampenda mshindi au hampendi. Serikali inayopata hesabu kamili hujua wananchi wake wanafikiri nini, ijapokuwa habari hiyo ni chungu. Serikali inayoletewa hesabu pungufu hutembea gizani, na askari wake hutembea gizani pamoja nayo.