Hodi Kabla ya Karibu: Mwaliko wa Harusi kutoka Mdomo hadi Kadi

1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu karatasi ndogo ambayo aghalabu hutupwa siku ya pili baada ya shughuli, nayo ni kadi ya mwaliko wa harusi. Nyimbo za harusi, ngoma zake, mavazi yake na mafunzo anayopewa mwari ni mambo yaliyozungumzwa sana katika taaluma ya Kiswahili. Mwaliko, ambao ndio unaowakusanya watu wakaziimba nyimbo hizo, haujapewa nafasi kubwa hivyo. Hata hivyo, ni vigumu kupata sehemu ya harusi inayozua lawama nyingi kama huo. Mtu huweza kusahau alikula nini katika harusi ya jirani yake na bibi harusi alivaa nguo ya rangi gani, lakini hasahau kwamba hakualikwa.

Mwanafalsafa wa Kiingereza J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba yako maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. Anayeahidi hatoi habari za ahadi, bali huahidi papo hapo. Kualika ni tendo la namna hiyo. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba katika jamii ya Waswahili mwaliko si taarifa ya siku na mahali tu. Mwaliko ni tendo la kumkiri mtu kuwa ni mwenzako, na kwa desturi tendo hilo lilitimia kwa mwenye shughuli kwenda kwanza mlangoni kwa mwenziwe na kupiga hodi. Kadi, mchango na simu vimebadilisha chombo cha mwaliko. Aidha, vimebadilisha swali la nani huanza kumwendea nani.

2. Neno na ukoo wake

Kitenzi alika kina uzao mkubwa. Kutokana nacho hupatikana mwaliko, mwalikwa, alikwa, alikia na alikana. Umbo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Watu wanaoalikana ni watu waliomo katika mzunguko mmoja wa shughuli, na shughuli, kwa matumizi ya pwani, ni harusi, hitima, maulidi na kila jambo linalowakutanisha watu. Msemo wa shughuli ni watu haukusudii wingi wa watu peke yake. Unakusudia kwamba bila ya watu kuja, harusi haina shahidi.

Kinyume cha mwalikwa nacho kina majina yake, na majina hayo yanafundisha jambo. Neno la zamani ni kudoea, yaani kwenda penye chakula bila ya kualikwa kwa tamaa ya kula. Mdoezi huchekwa kwa sababu ya tumbo lake. Katika miji ya Tanzania neno lililoenea baadaye ni kuzamia, nalo limetokana na wale wanaojificha melini ili wasafiri bila tikiti wala pasi. Mzamiaji hashutumiwi kwa tamaa, bali kwa kupita mlangoni bila hati. Kati ya maneno hayo mawili imo historia nzima ya mwaliko. Kudoea ni neno la ua ulio wazi, na kuzamia ni neno la ukumbi wenye mlinzi.

3. Mwaliko wa mdomo

Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 na ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinaeleza kwa marefu mambo ya posa, mahari na harusi katika miji ya mrima mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Dunia hiyo ilikuwa na hati za kila namna, kwani watu wa pwani waliandikiana barua kwa herufi za Kiarabu tangu karne nyingi. Kwa hiyo, kualika kwa mdomo hakukuwa dalili ya kukosa maandishi. Mwenye kujua kuandika naye alituma mtu, kwa kuwa mtu alikuwa na uwezo ambao barua haina.

Desturi hiyo haijafa katika mitaa ya Unguja, Mombasa na Lamu. Siku chache kabla ya harusi wanawake wa ukoo hugawana mitaa na kupita nyumba kwa nyumba. Hupiga hodi, hukaribishwa, huketi, huulizana hali na habari za wagonjwa, ndipo ujumbe unapotolewa. Mjumbe hasemi kwa jina lake. Husema kwamba mama fulani anakusalimu na anakualika katika shughuli ya mwanawe. Jibu huwa ni dua kwa maarusi na kauli ya inshallah.

Katika tendo hilo dogo mna mpango uliokamilika. Kwanza, cheo cha mjumbe ni kipimo cha heshima. Mtu mzima hapelekewi mtoto, na kualikwa njiani, watu wakipishana sokoni, ni karibu sawa na kutoalikwa. Pili, mjumbe hurudi na habari: nani anaumwa, nani amefiwa, nani ana kinyongo kinachotaka kusuluhishwa kabla ya siku yenyewe. Tatu, na hili ndilo kubwa, mwenye shughuli, kwa ulimi wa mjumbe wake, huanza kwa kuwa mgeni. Yeye ndiye anayesema hodi, na anayealikwa ndiye anayetangulia kusema karibu. Neno karibu lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kutokuwa mbali. Mwalikwa atakapoambiwa karibu siku ya harusi, atakuwa anarudishiwa neno ambalo yeye alilitoa kwanza nyumbani kwake. Mwaliko wa namna hii ni deni linaloanzia kwa mwenyeji.

4. Sinia na sahani

Inasemwa mara nyingi kwamba kadi iliingia kwa sababu watu wamependa mambo ya kizungu. Maelezo hayo hayatoshi. Sababu iliyo kubwa zaidi iko jikoni.

Harusi ya uani hupika pilau au biriani katika masufuria makubwa, na chakula hupakuliwa katika sinia ambalo watu kadhaa hulizunguka pamoja. Sinia halihesabu vichwa. Akizidi mtu mmoja, wengine husogea. Mpishi hukadiria kwa magunia na kwa mazoea, na gharama ya mgeni mmoja wa ziada haionekani. Kwa upande wa wanaume, nikahi inayofungwa msikitini iko wazi kwa aliyehudhuria sala, naye hupata haluwa na kahawa yake hata kama jina lake halimo katika daftari la mtu.

Ukumbi wa kukodi una hesabu nyingine. Viti vina idadi, na mpishi wa kukodi hutoza kwa sahani. Kila mgeni ana bei inayojulikana kabla hajazaliwa urafiki wake na mpishi wala na mlango. Hapo ndipo kadi inapokuwa lazima, kwa sababu kadi ni sahani iliyoandikwa jina. Kauli zake zinathibitisha hivyo: kadi hii ni ya mtu mmoja, kadi hii ni ya watu wawili, tafadhali fika na kadi hii. Watu wa Dar es Salaam huziita singo na dabo, na majina hayo hayamtaji mgeni ni nani, bali yanataja atakalia viti vingapi.

5. Kadi mbili

Katika miji ya Tanzania bara harusi ya ukumbini huandaliwa na kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, nayo hukutana kwa vikao vya mara kwa mara. Kamati hiyo hutoa kadi mbili, na tofauti ya lugha zake inastahili kuangaliwa kwa makini.

Ya kwanza ni kadi ya mchango. Kwa kawaida hueleza kwamba familia fulani inayo furaha kukutaarifu juu ya harusi ya kijana wao, kisha unaombwa mchango wako wa hali na mali, na mchango huo umfikie aliyekupatia kadi. Ya pili ni kadi ya mwaliko, ambayo huja baadaye kwa aliyetimiza ahadi yake. Hiyo nayo huanza kwa inayo furaha, lakini kitenzi kinachofuata ni kukualika. Ni dhahiri kwamba waandishi wa kadi, hata bila ya kufundishwa, wanatofautisha kutaarifu na kualika. Mtu hutaarifiwa kwanza, huchanga, ndipo hualikwa.

Usemi wa hali na mali nao una mafunzo yake. Katika usemi huo hali hutangulia: kuja mapema, kupika, kubeba maji, kupamba, kukesha. Mali hufuata. Lakini nafasi yenye vitone iliyoachwa katika kadi mara nyingi ni ya kuandika shilingi. Lugha imehifadhi utaratibu wa zamani, na vitone vimehifadhi wa sasa.

Haifai hata hivyo kuulaumu mchango kwa pupa. Kuchangiana ni jambo kongwe, na ndilo linaloiwezesha familia isiyo na uwezo kumwoza mtoto wake kwa heshima. Marcel Mauss, mwanazuoni wa Kifaransa, katika insha yake ya mwaka 1925 juu ya zawadi, alieleza wajibu mitatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Daftari la mweka hazina ni kumbukumbu ya wajibu huo, na msemo wa leo kwangu kesho kwako ndio sheria yake. Tofauti iko katika muda na katika kipimo. Baina ya zawadi na marejesho yake hupita miaka, na muda huo ndio unaoifanya zawadi isiwe bei. Kadi ya mchango huufupisha muda huo ukawa wiki kadhaa, na pale kamati inapotaja kiwango cha singo na cha dabo, mwaliko hukaribia kuwa stakabadhi.

Hapa ndipo penye jeraha. Bibi mzee aliyembeba bwana harusi mgongoni utotoni, asiye na cha kuchanga, huwa nje ya daftari, hali mfanyakazi mwenza wa mwaka mmoja yumo. Kamati haikukusudia kumtenga, ila utaratibu wake hauna mahali pa kumwandika. Dini zenye wafuasi wengi katika nchi hizi zilikwisha kuliona jambo hili. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, chakula kibaya kabisa ni cha walima ambao matajiri hualikwa na maskini huachwa. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, mwenye karamu huaswa asiwaalike wale wanaoweza kumlipa kwa kumwalika tena, bali awaalike maskini na vilema. Mafunzo yote mawili yanatambua kwamba kualikana kuna nguvu ya kufunga mlango kama kulivyo na nguvu ya kuufungua.

6. Simu

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo mchango ulimfikia aliyekupatia kadi, kwa hiyo angalau mtu mmoja alikuja mara mbili: kuleta kadi na kuchukua ahadi. Sasa fedha hutumwa bila ya mtu kuinuka, na makundi ya WhatsApp yamechukua nafasi ya vikao vingi. Kadi yenyewe hutumwa kama picha yenye msimbo unaosomwa na simu ya mlinzi mlangoni. Faida zake ni wazi: gharama ya uchapaji hupungua, na ndugu aliyeko Muscat au London hupata mwaliko saa ileile na jirani wa ukuta mmoja.

Lakini usawa huo ndio unaozua swali. Jirani wa ukuta mmoja akipata mwaliko kwa njia ileile anayopata mtu wa ng'ambo, ujirani wake umekirwa kwa lipi? Ujumbe wa kukumbusha ahadi nao, unaotumwa kwa watu mia kwa mguso mmoja, hutumia methali ya ahadi ni deni, na ni kweli kwamba ahadi ni deni. Ila katika mwaliko wa hodi mdeni wa kwanza alikuwa ni mwenye harusi.

7. Hitimisho

Haitarajiwi kwamba jiji la mamilioni ya watu litarudi kualikana nyumba kwa nyumba, wala kadi haikuwa adui wa utu. Ziko familia zilizokwisha kupata njia ya kati. Hutenga kadi za wazee, majirani na waliomlea bwana au bibi harusi kabla ya hesabu ya michango kuanza, na kadi hizo hupelekwa kwa mkono na mtu mzima anayeingia ndani na kuketi. Nyingine hutumia ukumbi kwa walio katika daftari, na uani hupika sufuria lisilo na daftari. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya mapambo ya meza kuu.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kadi hizi ni matini zenye thamani, na kwa kuwa zinatupwa na kufutwa, zinafaa kukusanywa mapema pamoja na maneno yanayosemwa wakati wa kuzikabidhi. Kwa mwenye harusi, funzo ni fupi zaidi. Chini ya karibu kila kadi, baada ya saa, ukumbi na namba za simu, huandikwa karibu sana. Neno hilo hupata maana yake kamili pale anayelisoma anapokumbuka kwamba aliyeliandika aliwahi kufika mlangoni kwake akapiga hodi.