Mashine ya Kubana Miguu



Nimepewa dakika chache, nami nitazungumza juu ya miguu. (Wale niliokimbia nao mbio za kupokezana wasicheke.)

Damu hushuka miguuni kwa urahisi. Kupanda ndiyo kazi. Kila tupigapo hatua, misuli ya shavu la mguu huikamua vena, damu ikapanda, na vali ndogo zilizomo ndani huizuia isirudi. Mgonjwa alalaye kitandani hana hatua. Kwa ajili yake kuna mifuko inayofungwa miguuni: pampu huijaza hewa, ikabana, kisha ikalegea, tena na tena. Katika utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2013, wagonjwa 2,876 wa kiharusi wasioweza kutembea walifuatiliwa. Damu iliganda katika vena za kuanzia goti kwenda juu kwa asilimia 8.5 ya waliopewa mifuko, na asilimia 12.1 ya wasiopewa.

Basi, siku hizi mashine hizi huuzwa hata kwa sisi tunaoshinda vitini maofisini. Mwaka juzi mguu wangu wa kushoto ulivimba, ukauma, nami nikaazima moja. Kwa bahati shemeji yangu, ambaye ni daktari, alinizuia nisiivae. Picha ilionyesha damu imekwisha kuganda. Kubana mguu wa namna hiyo kwaweza kulisukuma bonge hadi mapafuni, na hapo mtu aweza kufa ghafla. Nilitibiwa kwa dawa. Mashine nikairudisha kwa mwenyewe, haijafunguliwa.