Wewe ni wa Sekta Gani? Bula Matari na Watu wa Maniema ya Kusini



Mwaka jana nilikwenda ofisi moja kuomba karatasi. Karani, kijana mwenye adabu, alinijazia fomu kwa mkono: jina, jina la baba, kijiji, sekta, teritware. Tulipofika kwenye sekta tukakwama. Baba yangu alizaliwa hapa Kasongo. Mama yake alikuwa Mbangubangu wa Kabambare, na baba yake alijiita Mngwana, Mwislamu wa Kiswahili, basi. Karani akaweka kalamu chini, akasema taratibu: "Baba, Mngwana si kabila. Lazima kuna sekta." Akaandika ya bibi yangu, akapiga muhuri.

Kijana yule hana kosa. Fomu ilikuwepo kabla yake. Ninachotaka kueleza leo ni nani aliamua kwamba mtu wa Maniema lazima awe na sanduku moja, na aliamua hivyo kwa faida ya nani.

Tuanze na Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wote tunamwita Tippu Tip. Alipoingia nchi ya Utetera katika miaka ya 1870, hakujitambulisha kama mgeni. Katika maisha yake, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, anaeleza jinsi alivyodai kwamba bibi yake alikuwa binti wa ukoo wa kitawala wa huko, aliyetekwa vitani na kuchukuliwa mbali. Mzee Kasongo Rushie, mtawala wa huko, akampokea kama mjukuu aliyerudi nyumbani, akamwachia utawala. Hadithi ile haikuwa ya kweli, lakini ilifanya kazi, kwa sababu katika nchi hii undugu ulikuwa mlango: mtu aliweza kuingia ukoo kwa ndoa, kwa kulelewa, kwa kuchanjiana damu, hata kwa maneno matamu. Mtumwa wa jana aliweza kuwa nyampara wa leo. Ngongo Lutete alianza chini kabisa, akaishia kuwa jemadari aliyetetemesha nchi yote ya Lomami.

Sisemi kwamba utawala ule ulikuwa wa heri. Pale Nyangwe, Julai 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni na wengine wakizama Lualaba wakijaribu kukimbia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza. Pembe za ndovu za Kasongo zilibebwa na mabega ya watu waliofungwa shingoni. Atakayenisikia nikisema Wangwana walionewa na Wabelgiji, asinisikie nikisema Wangwana hawakuonea mtu.

Mwaka 1887, Leopold II alimfanya Tippu Tip kuwa liwali wake Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Miaka mitano baadaye vita vikawaka kati ya Dola ya Leopold na Wangwana. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo ikafuata Aprili. Daktari Hinde, aliyekuwa na jeshi la Dola chini ya Dhanis, aliandika kwa mshangao juu ya mji alioukuta: milango ya kuchongwa, bustani za machungwa na makomamanga, mashamba ya mpunga, na askari wa kawaida wakilala juu ya magodoro ya hariri. Kabambare ilitekwa Januari 1894, na Rumaliza, kiongozi wa Wangwana, akakimbilia Tanganyika. Leo mji ule wa Tippu Tip ni Tongoni, yaani mahame, na sisi tunaishi kwenye Kasongo nyingine.

Bula Matari, yaani Dola ya Wabelgiji iliyoshinda, alikuta barabara, lugha na watu wa kukusanya chakula na kuamrisha wapagazi. Hakuvitupa. Kiswahili kikabaki kuwa lugha ya amri, na wanyampara wakabaki, wakibadilishiwa bwana tu. Alichobadilisha ni kile kilichokuwa mlango: akaufunga.

Ona jinsi alivyotumia majina. Ngongo Lutete, aliyemsaidia kushinda, alipigwa risasi na maofisa wa Dola hiyo hiyo Septemba 1893. Askari waliokuwa watu wake wakaasi Luluabourg mwaka 1895. Mwaka 1897 kikosi kingine kikaasi kaskazini, njiani kwenda Nile, kikashuka kusini, na mwishoni mwa 1898 kikaiteka Kabambare. Ndani ya vikosi vile walikuwamo watu wa lugha nyingi. Ripoti zikaandika jina moja: uasi wa Batetela. Tangu hapo jeshi likaamua kuchanganya makabila katika kila kikosi, ili wasielewane. Kwa askari, kabila likawa kitu cha kuvunjwa. Kwa mkulima, likawa kitu cha kufungiwa ndani. Kazi ilikuwa ile ile: kuwatawala.

Kwa mkulima silaha ilikuwa medali. Amri ya 1891 iliruhusu Dola kutambua machifu, na amri ya Mei 1910 ikaweka kwamba kila Mkongo awe chini ya uchifu, asihame bila ruhusa. Sultani aliyekubalika alivishwa medali kwenye mnyororo shingoni. Aliyeivaa alikuwa na kazi tatu: kodi, wapagazi, na amani. Mara nyingi mrithi wa kweli alijificha, akamtoa mbele mtu mdogo, kwa sababu aliyevaa medali ndiye aliyepigwa fimbo kodi ikipungua. Ndiyo maana hadi leo kuna vijiji ambavyo ukiuliza sultani ni nani, mzee anakuuliza kwanza: wa medali, au wa nchi?

Halafu ikaja pamba. Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kongo kulimishwa pamba kwa lazima, kuanzia 1917. Shamba lilipimwa kwa kamba, magugu yalikaguliwa, na aliyekagua alikuwa mjumbe wa chifu. Hapo ndipo mkulima alipojua uchifu ni nini.

Tena uchifu wenyewe ulionekana mwingi mno. Mwaka 1917 Kongo nzima ilikuwa na machifu waliotambuliwa zaidi ya 6,000. Kufikia 1938 walibaki 1,200 na kidogo. Tangu enzi za waziri Louis Franck wadogo waliunganishwa kuwa sekta, na amri ya 5 Desemba 1933 ikayaweka yote kwenye sheria. Wabuyu, Wahombo, Wahemba, Wabangubangu wa Kabambare, Wazimba wa Maringa na wa Mulu, kila mmoja akapewa mstari kwenye ramani. Watu waliokuwa wakioana na kugombana miaka mia wakawa, kwenye karatasi, wenyeji na wageni.

Mfano unaoniuma zaidi ni Wakusu. Wakusu na Watetela ni watoto wa babu mmoja. Waliokaa upande wetu walishika Kiswahili, wengi wakashika Uislamu. Wa magharibi wakabaki na Kitetela. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo hadi Wabelgiji walipoweka mpaka wa mkoa kati yao: Watetela wakawa Kasai, Wakusu wakawa Kivu. Lumumba, aliyezaliwa Onalua mwaka 1925 na kufanya kazi ujanani Kalima, huku kwetu, alizaliwa upande wa pili wa mpaka uliotengenezwa ofisini. Mtoto wa leo wa Kibombo anasema Watetela ni watu wengine.

Na Mngwana? Yeye hakuwa na ardhi ya mila wala chifu wa ukoo, kwa hiyo sheria haikumwona. Vitabu vya Wabelgiji vilimwita aliyegeuzwa Mwarabu, kana kwamba alikuwa Mwafrika aliyeharibika. Baada ya mapatano ya 1906 kati ya Leopold na Vatikani, elimu iliingia mikononi mwa misheni za Kikatoliki, na ruzuku ikaenda huko. Shule za serikali zisizo za misheni zilifunguliwa kwa Waafrika mwaka 1954 tu. Kwa karibu nusu karne mzazi Mwislamu wa Kasongo alichagua kati ya mtoto asiyejua kusoma Kifaransa na mtoto aliyebatizwa jina jingine. Ndiyo sababu, uhuru ulipokuja, makarani wa Maniema ya kusini hawakuwa wajukuu wa wale waliojenga Nyangwe.

Wengi wetu tunapigania mipaka ya sekta leo kana kwamba mababu waliiweka. Hawakuiweka. Mipaka hiyo ni ya 1933, na iliwekwa kwa ajili ya kodi na pamba.

Nawaomba jambo moja. Kila aliye na medali ya babu, karatasi ya kodi, au mzee anayekumbuka vijiji vilivyounganishwa kwa amri, aje tuandike majina yale kabla mzee hajaondoka. Daftari liko wazi, na nitaanza na jina la baba wa baba yangu, Mngwana wa Kasongo.