Maji Yako Wapi? Zimamoto na Uokoaji katika Kaunti ya Kwale



Kila hoteli ya makuti inapoteketea Diani, lawama huangukia gari la zimamoto. Gari limechelewa, gari limekuja bila maji, gari bovu. Kisha huombwa pesa za kununua jingine. Hoja yangu jioni hii ni kwamba gari ndilo jepesi kulipata. Kituo cha zimamoto ni watu wanaokesha pale, na maji wanayoyafikia haraka, na hayo mawili hayana utepe wa kukatwa mbele ya wapiga picha.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na maafa. Kwale ina zaidi ya kilomita za mraba 8,200 na, kwa sensa ya 2019, watu 866,820. Ukipanga vituo kwa kuifuata lami ya Likoni hadi Lunga Lunga, utakuwa umewakumbuka Diani na Msambweni, ukawaacha Kinango na Samburu. Gari zito lililojaa maji likienda kilomita 60 kwa saa, mtu aliye kilomita 40 kutoka kituoni atalingoja dakika 40, tena kama simu ilipokelewa mara ya kwanza na dereva alikuwa zamuni.

Dakika 40 ni nyingi mno kwa makuti. Paa letu la pwani limepangwa kuti juu ya kuti, kila jani limekunjwa kwenye ufito na kushonwa. Mvua hulowesha tabaka la juu tu. Chini yake ni makavu mwaka mzima, na hewa inapita. Moto ukiingia humo hupanda upande wa ndani hadi kwenye kilele cha paa, na anayemwaga maji kwa nje anaosha paa tu. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, vipande vinavyowaka hurushwa na upepo hadi paa la jirani. Wenyeji wanalijua hili, ndiyo maana utawaona wakikimbilia panga na ngoe, wakibomoa paa ambalo bado halijashika. Mzimamoto mwenye akili angewaunga mkono badala ya kuwafukuza.

Sasa maji. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, gari la lita 5,000 limekauka kwa dakika 10. Hapo ndipo mawe huanza kurushwa, na wanaopigwa ni vijana wa zimamoto ambao hawakupanga bajeti. Watu huuliza, na bahari je, si hiyo hapo? Maji yakipwa Diani, bahari inarudi nyuma mbali, na gari la tani kadhaa likishuka mchangani halitoki. Penye jabali la matumbawe hakuna hata pa kushukia. Chumvi nayo hula pampu isiposafishwa vizuri. Kinango shida ni nyingine: malambo yapo, lakini mengi hayana njia ngumu ya kulifikisha gari ukingoni, nayo hupungua kiangazi, msimu uleule wa moto.

Hoteli kubwa zimejipanga kwa pampu na mipira yao. Sizilaumu. London ilipita njia hiyo: baada ya moto mkubwa wa 1666, kampuni za bima zilianzisha vikosi vyao, na mji uliendelea kuvitegemea hadi serikali ilipounda kikosi cha umma mnamo 1866. Miaka 200 ni mingi. Fundi wa Ukunda mwenye duka la mbao hawezi kuingoja.

Tusisahau neno la pili, uokoaji. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lenye mama na mtoto wake liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni. Iliwachukua wapiga mbizi siku 13 kuwatoa. Likoni ni Mombasa, lakini ndiyo mlango wa Kwale, na kaunti yenye wavuvi kuanzia Tiwi hadi Vanga haiwezi kuwa na kikosi kisichojua kuogelea.

Sasa watu. Gari moja linahitaji kama watu watano kwa zamu. Zamu tatu ni watu 15, ongeza wa kushika nafasi za walio likizo na wagonjwa. Mshahara huo ni wa kila mwezi, kila mwaka. Kwa hiyo ningepewa pesa za magari mawili, ningenunua moja, zilizobaki ningejengea matangi Lunga Lunga na Kinango, na kuajiri watu wa kuishi kando yake. Msambweni ningekiweka kituo karibu na hospitali ya rufaa, kwa sababu aliyeungua hataki safari mbili.

Na Diani, kabla ya kununua chochote, kaunti iandikiane mkataba na wenye hoteli kuhusu mabwawa yao ya kuogelea. Maji yapo, maelfu kwa maelfu ya lita. Kinachohitajika ni mpira wa kufyonza, lango linalopitisha gari la zimamoto, na bawabu aliyekwisha kuambiwa alifungue usiku bila kwanza kumpigia meneja simu.